Deni la Shujaa

Mashujaa wa katuni za Marekani hufika Mibirizi, hapa Rusizi nchini Rwanda, wakiwa wamepita mikono mingi. Walianza kwenye karatasi, wengine kabla ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia. Baadaye wakahamia kwenye filamu. Filamu nayo ikafika Kigali, mtu akakaa mbele ya kipaza sauti akaisimulia upya kwa Kinyarwanda, na simulizi hiyo ndiyo inayopanda vilima vya Rusizi ikiwa ndani ya flashi na simu za mkononi. Wanyarwanda huiita agasobanuye. Dar es Salaam wangesema ni muvi iliyotafsiriwa, na Kampala wangekuuliza ni ya VJ gani, yaani msimulizi gani. Kote huko, anayetazama huwa hajawahi kulishika jarida la katuni alimozaliwa shujaa wake. Hana cha kulinganishia. Hata hivyo, shujaa akielezewa chimbuko lake kwa namna isiyokaa sawa, ukumbi mzima huguna.

Mguno huo ndio ninaotaka kuutetea. Huko Marekani wapenzi wa katuni hubishana miaka nenda miaka rudi kuhusu uaminifu wa filamu: vazi lilikuwa la rangi gani, buibui alikuwa wa aina gani, nani hasa alifyatua risasi. Mtazamaji wa huku kwetu hawezi kuingia kwenye ubishi huo, kwa kuwa ushahidi wake hauko mikononi mwake. Yeye hubaki na swali moja tu: mtu huyu anadaiwa nini, na nani? Kwa maoni yangu swali lake ni bora kuliko yote yale, na mafundi wanaolijibu vizuri, kuanzia mwandishi wa Hollywood hadi msimulizi wa agasobanuye, wamesifiwa kidogo kuliko wanavyostahili.

Rwanda si mgeni wa jambo hili. Katika ikulu ya wafalme wake, maneno yalikuwa na walinzi wa namna mbili. Walikuwapo abiru, waliotunza taratibu za siri za ufalme, na walizihifadhi kichwani neno kwa neno. Mashairi ya ikulu, yaani ibisigo, nayo yalipokezanwa kwa maneno yaleyale ya mtunzi. Kando yao walikuwapo wasimulizi wa ibitekerezo, habari za wafalme na vita vyao, na hawa waliruhusiwa kupanua, kufupisha, kuongeza kicheko hapa na tishio pale, kulingana na jioni ilivyo na wasikilizaji walivyo. Hakuna aliyewaita waongo. Jamii ilijua kwamba kuna maneno yasiyoguswa, na kuna habari ambazo zisipoguswa hufa.

Chukua habari za Ruganzu Ndori. Baba yake, Ndahiro Cyamatare, anauawa katika vita na Nsibura wa Bunyabungo. Ngoma ya kifalme, Rwoga, inatekwa, na nchi inakaa bila ngoma. Mtoto amekwisha kupelekwa mbali, Karagwe, nchi ambayo leo iko Tanzania, akafichwa kwa shangazi yake Nyabunyana aliyeolewa huko na mfalme. Anakua, anarudi, anaitwaa nchi. Kuanzia hapo kila kilima kina lake la kusema: alikanyaga mwamba huu ukabaki na unyayo wake, alipiga chini pale ikatoka chemchemi. Nyayo hizo huonyeshwa sehemu nyingi za Rwanda, na anayetaka kuzipatanisha zote na safari moja atachoka bure. Lakini hakuna kilima kinachomfanya Ruganzu akulie nyumbani kwa baba yake. Hakuna anayesema ngoma haikupotea. Kifo cha baba, kupotea kwa ngoma, shangazi wa Karagwe: hayo matatu hayachezewi, kwa sababu ndiyo deni. Mengine yote ni namna ya kulilipa.

Kwa watu wa Kinyaga, jina la zamani la eneo hili la Cyangugu, habari hiyo ina uzito wa pekee. Bunyabungo ya masimulizi ni nchi ya Bushi, ng'ambo ya maji, upande wa Bukavu. Ukisimama mjini Kamembe adui wa hadithi unamwona kwa macho, na siku hizi ndiko unakoenda sokoni. Msimulizi wa ikulu ya Nyanza angeweza kumfanya Nsibura kuwa jitu la mbali. Huku haiwezekani, maana mtu ana wakwe zake huko. Chimbuko la shujaa hubadilika kwa kuhamishwa tu, hata kabla msimulizi hajaongeza neno.

Na ukivuka Ziwa Kivu ukaenda kaskazini-magharibi, ndani ya misitu ya Wanyanga wa Kivu, unamkuta Mwindo. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck habari zake kwa siku kadhaa, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene wakaichapisha simulizi hiyo. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, anatokea kwenye kidole cha kati cha mama yake, na baba yake Shemwindo, aliyekwisha kuamuru wake zake wazae mabinti tu, anajaribu kumwua kwa kila njia. Anamrushia mkuki, anamzika, anamtia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anakwenda zake kwa shangazi, Iyangura. Matoleo mengine ya hadithi hiyo yalichapishwa baadaye, na hayafanani katika mengi. Lakini baba anayemkataa mwanawe yumo. Tena yumo shangazi, kama kwa Ruganzu, na kama atakavyokuwamo mke wa ami katika nyumba ya kawaida kabisa ya mtaa wa Queens, New York, tutakayoifikia sasa hivi. Mtoto wa kishujaa akikosa baba, mwanamke wa ukoo wa baba ndiye anayeshika mlango. Siamini kwamba Stan Lee, aliyeiandika nyumba hiyo ya Queens, aliwahi kusikia habari za Nyabunyana. Naamini tu kwamba mafundi wa kazi moja hukutana kwenye matatizo yaleyale.

Tatizo kubwa la fundi wa filamu ni hili: chanzo chake ni kifupi mno. Watu hudhani anayehamisha katuni kwenye filamu kazi yake ni kupunguza, kama anayetoa filamu kwenye riwaya nene. Kwa habari za chimbuko mambo ni kinyume. Superman alipotokea mara ya kwanza mwaka 1938, katika toleo la kwanza la Action Comics, asili yake ilielezwa kwa ukurasa mmoja. Batman alikuwa amekwisha kupigana matoleo kadhaa ndipo, Novemba 1939, wasomaji wakapewa kurasa mbili za kuelezwa kwa nini mtu huyu anavaa kama popo. Spider-Man, aliyeandikwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko katika Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, alipewa kurasa 11. Ukitaka kutoa saa mbili za filamu kwenye kurasa mbili, kunakili hakutakufikisha popote. Lazima uongeze, na kila unachoongeza ni mtihani.

Tumwangalie huyo Spider-Man kwa karibu, kwa maana hakuna chimbuko lililohamishwa kwa ufundi kama lake katika filamu ya mwaka 2002 iliyoongozwa na Sam Raimi na kuandikwa na David Koepp. Kwenye katuni, kijana Peter Parker anaumwa na buibui mwenye mionzi, anapata nguvu, anaanza kutafuta pesa na umaarufu. Siku moja kwenye studio ya televisheni mwizi anapita mbio mbele yake, askari nyuma akipiga kelele, na Peter hainui mkono. Kuulizwa, anajibu kwamba kuanzia sasa anajiangalia mwenyewe. Siku kadhaa zinapita. Mwizi yuleyule, katika jiji zima la New York lenye mamilioni ya nyumba, anaingia nyumba ya Peter na kumwua ami yake, Ben. Ni hadithi kali, lakini ina pengo. Kwa nini nyumba ile? Karatasi ilisamehewa. Filamu isingesamehewa.

Koepp na Raimi walifanya mambo mawili. La kwanza, walimpa Peter sababu. Tangazo la mieleka limeahidi dola 3,000 kwa atakayestahimili dakika tatu na bingwa. Peter anammaliza kwa dakika mbili, na mwenye mchezo anamlipa dola 100 kwa kisingizio hicho. Kisha mwizi anamnyang'anya mwenye mchezo huyo fedha, anakimbia, na Peter anampisha apite. Sasa ukumbi wote uko upande wa Peter. Tunacheka. Tunasema amemkomesha. La pili, waliziba pengo: usiku huohuo, nje, Ben amekaa kwenye gari akimsubiri kijana wake, na mwizi anayekimbia anahitaji gari. Kila kiungo kinashika kingine, na mwisho wa mnyororo tuko sisi, tuliocheka dakika tano zilizopita. Katuni ilimtia hatiani Peter peke yake. Filamu ilimtia hatiani pamoja na aliyelipa kiingilio.

Hapo ndipo ninaposema uaminifu ni kazi ya kuunda. Hata yale maneno maarufu kuhusu nguvu kubwa na wajibu mkubwa, ambayo kila mtu anadhani Ben aliyasema tangu mwanzo, katika jarida la mwaka 1962 hayakutoka kinywani mwake. Yalikuwa sauti ya mwandishi kwenye picha ya mwisho. Filamu ikayatia mdomoni mwa mzee aliye kwenye gari, akizungumza na kijana asiyetaka kusikia, na kijana akamjibu vibaya kwamba aache kujifanya baba yake. Kwa hiyo kijana anabaki na deni la kumpisha mwizi, na juu yake anabaki na jibu lile, ambalo hatapata siku ya kulifuta.

Wakati huohuo wapenzi wa katuni walikuwa wakilalamikia nyuzi. Kwenye katuni Peter anaunda mwenyewe kifaa cha kurushia utando. Kwenye filamu ya 2002 utando unatoka mwilini mwake. Buibui naye si wa mionzi tena, ni wa maabara ya vinasaba. Filamu ya mwaka 2012 ilikirudisha kifaa, na wengi wakashangilia. Sitawacheka. Kijana maskini anayeunda kitu chake kwa akili yake ana thamani, na vijana wanaotengeneza simu kwenye meza za Kamembe wangemwelewa haraka kuliko maprofesa. Lakini kifaa ni mali ya shujaa, na mali inaweza kubadilishwa. Deni halibadilishwi.

Ushahidi mkali zaidi wa hilo ulitoka mikononi mwa Raimi mwenyewe. Mwaka 2007, katika filamu ya tatu, tunaambiwa kwamba mwizi yule aliyepishwa siye aliyempiga Ben risasi. Aliyefyatua ni Flint Marko, naye risasi ilimponyoka tu. Nia ilikuwa njema, kumpa Peter mtu wa kumsamehe. Matokeo yalikuwa kumpunguzia deni. Mavazi yote yalikuwa sahihi, wahusika wote walitoka kwenye katuni, na hicho kitu kimoja kilipolegezwa hadithi nzima ililegea. Fundi yuleyule, vifaa vilevile, miaka mitano tu baadaye.

Batman naye amepita huko. Mwaka 1939 aliyewaua wazazi wake alikuwa jambazi asiye na jina. Mwaka 1948 katuni ilimpa jina, Joe Chill, akabaki jambazi wa kawaida. Filamu ya Tim Burton ya mwaka 1989 ikaamua muuaji ni Joker mwenyewe katika ujana wake. Kwa mwandishi mvivu hilo ni jambo tamu sana: adui mmoja, mwanzo na mwisho vimefungwa kwa uzi mmoja. Lakini fikiria kinachofuata. Joker anaanguka kutoka juu ya kanisa, anakufa, na hesabu imekwisha. Kesho yake Batman anavaa barakoa kwa sababu gani? Jambazi asiye na jina ana faida kubwa kwa msimulizi, kwa maana huwezi kumaliza kumtafuta. Yumo katika kila kichochoro.

Filamu ya mwaka 2005, Batman Begins ya Christopher Nolan, ikamrudisha Chill mdogo mahali pake. Lakini nayo ilithubutu kubadilisha. Katuni za baadaye zilikuwa zimezoea kusema familia ile ilitoka kutazama filamu ya Zorro. Nolan akawapeleka kwenye opera, na jukwaani wakatokea wachezaji wanaofanana na popo. Mtoto Bruce, ndiye Batman wa baadaye, ambaye alishawahi kuanguka kisimani akafunikwa na popo, anaogopa, anamwomba baba yake waondoke. Wanatoka kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo wazazi wako kichochoroni kwa ajili ya woga wake. Msomaji mkali wa katuni ataandika kosa: Zorro ameondolewa. Mimi naandika ongezeko: deni limepata jina la mdaiwa.

Zipo filamu ambazo huhamisha nchi nzima na bado zikabaki nyumbani. Iron Man wa mwaka 1963 alijeruhiwa Vietnam, kwa mtego uliotegwa porini. Filamu ya mwaka 2008 ikampeleka Afghanistan, na kombora linalomjeruhi lina jina la kampuni yake mwenyewe ubavuni. Vita vimebadilishwa, adui amebadilishwa, miaka 45 imerukwa. Mzee Yinsen anayemsaidia kutengeneza deraya na kufa ili yeye apate nafasi ya kutoka amebaki palepale. Mibirizi inalijua jambo la namna hii kwa njia yake. Mibuni ya jamii ya Bourbon iliyoletwa kwenye misheni hapa kutoka Guatemala, mwanzoni mwa karne iliyopita, ilishika udongo wa kilima hiki mpaka wataalamu wa kahawa duniani wakaiita Mibirizi. Ilibadilika jina, mvua na mikono ya kuivuna. Mbegu haikubadilika. Anayehamisha hadithi hufanya kazi ya kuchagua kipi ni mbegu.

Sasa tuje kwa shujaa ambaye watu wa Afrika Mashariki walimsubiri kwa hamu, T'Challa wa Wakanda, yaani Black Panther. Stan Lee na Jack Kirby walimleta mwaka 1966 katika Fantastic Four namba 52. Kwenye toleo lililofuata tukaambiwa baba yake, T'Chaka, aliuawa na Klaw, mgeni aliyekuja kuiba madini ya vibranium. Chimbuko safi la enzi ya kudai uhuru: mwizi kutoka nje, mfalme amekufa, mtoto analipiza. Filamu ya Captain America: Civil War ya mwaka 2016 ikamhamishia mfalme Vienna, akafa kwa bomu ambalo hakutegewa hata yeye. Halafu ikaja Black Panther ya Ryan Coogler mwaka 2018, yenye Lupita Nyong'o wa Kenya na Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na hiyo ikafanya jambo la ujasiri kuliko yote.

Killmonger, adui wa T'Challa, alibuniwa na mwandishi Don McGregor mwaka 1973. Kwenye katuni baba yake alilazimishwa kumtumikia Klaw, akafa, familia ikafukuzwa Wakanda, mtoto akakulia Harlem akiwa na kinyongo. Coogler na mwenzake Joe Robert Cole wakamtoa Klaw katikati. Kwenye filamu, baba wa mtoto huyo ni N'Jobu, ndugu wa mfalme, na anayemwua ni mfalme mwenyewe, T'Chaka, mwaka 1992 huko Oakland, kisha mtoto anaachwa. Karibu kila kipengele kimebadilishwa. Na bado hakuna filamu iliyomheshimu zaidi mtu wa katuni, kwa sababu deni lililokuwa la mgeni limerudishwa ndani ya ukoo. T'Challa anarithi kiti na kosa kwa pamoja. Kisa cha mwizi wa nje tulikwisha kukisikia shuleni. Kisa cha baba mkubwa aliyemwacha mtoto wa ndugu yake ugenini kinamgusa kila mtu kwenye benchi, na hakuna anayetaka kutajiwa kwa sauti.

Si wote walitendewa hivyo. Storm, mwanamke anayeamuru mvua na radi, alianza mwaka 1975 akiwa Kenya, ambako watu walimwita mungu wao. Mama yake binti wa kifalme wa Kenya, baba yake mpiga picha kutoka Marekani, wote wakafa Cairo nyumba ilipowaangukia, na mtoto akaishi kwa wizi mitaani kabla ya kutembea kwa miguu kurudi nchi ya mama. Filamu ya X-Men ya mwaka 2000 ilimleta akiwa mwalimu tayari, bila safari hiyo. Ile ya mwaka 2016 ikamwonyesha akiiba Cairo, ikaishia hapo. Hakuna aliyedanganya. Waliukata tu mwendo mrefu wa kusini, ule unaomfanya awe mtu anayedaiwa na ardhi fulani. Kuacha nako ni kubadilisha, na ndiko kubadilisha kunakoonekana kwa shida zaidi, kwa sababu hakuachi alama ya kulalamikia.

Nimemwacha fundi wa mwisho makusudi. Filamu ikishatoka, watu milioni mia wakishaitazama, bado kuna mtu mmoja kati yake na Mibirizi. Rwanda ilimfahamu Nkusi Thomas, maarufu kwa jina la Yanga, aliyefariki Agosti 2022 na anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa agasobanuye. Wakafuata Junior Giti, Rocky Kimomo na wengine. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Kenya ina DJ Afro, Uganda ina VJ Jingo na VJ Junior. Wenye filamu hawakuwapa ruhusa wengi wao, na suala la hakimiliki si dogo, sitalifunika. Ila ninasifu ufundi, na ufundi upo.

Msimulizi wa agasobanuye hushusha sauti ya filamu na kupandisha yake. Peke yake ni baba, mama, jambazi na mbwa. Hana muda: mhusika wa Kiingereza akifunga mdomo, sentensi ya Kinyarwanda iwe imeisha au imepata pa kujificha. Anajua kwamba nusu ya watazamaji hawakuona filamu iliyotangulia, kwa hiyo katika sekunde ambazo shujaa anatembea kimya kwenye korido, yeye anapenyeza chimbuko lote: huyu ndiye yule ambaye baba yake aliuawa Vienna. Mwandishi wa Hollywood alipewa saa mbili za kupanua kurasa mbili. Msimulizi amepewa sekunde nane za kurudisha saa mbili ziwe sentensi mbili, na sentensi hizo mbili lazima zibebe deni. Akibeba mavazi na kuacha deni, ukumbi utajua.

Mtihani wake mgumu uko mwanzoni kabisa mwa Black Panther. Filamu inaanza gizani: mtoto anamwomba baba yake amsimulie habari za nyumbani, na baba anasimulia asili ya Wakanda. Bado hatujui ni nani na nani. Baadaye tu ndipo tunaelewa kwamba sauti ile ni ya N'Jobu, na mtoto ni yule atakayeachwa Oakland. Msimulizi anayeikimbilia kazi atatumia sauti yoyote, au atatumia sauti ya mfalme, na siri itaoza kabla ya kuiva. Msimulizi fundi ameshaitazama filamu hadi mwisho. Anampa baba wa gizani sauti ileile atakayompa N'Jobu baadaye, na anajizuia kusema zaidi, ingawa ulimi unawasha. Hapo kijana aliyejifunza kazi kwa kusikiliza kanda za waliomtangulia anafanya uamuzi uleule wa Koepp na Coogler, na wa mzee aliyesimulia habari za Ruganzu jioni: kipi kisemwe, kipi kisubiri, kipi kisiguswe.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisichukulie suala hili kama mchezo. Mibirizi, parokia iliyoanzishwa mwaka 1903, ina pia kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mahali kama hapa neno yatima halimaanishi kijana mwenye vazi la rangi. Filamu inayomwua baba wa shujaa katika dakika ya kumi ili tu kupata sababu ya kurusha magari huonekana upesi kuwa nyepesi. Ile inayomfanya shujaa aishi na kifo hicho, akijiuliza angefanya nini na hakufanya, hutazamwa kwa utulivu mwingine kabisa. Watazamaji hawa hawana katuni ya kulinganishia. Wanalinganisha na wanayoyajua, na kipimo chao ni kikali kuliko cha mkusanyaji yeyote wa majarida ya zamani.

Rwanda sasa ina watengenezaji filamu wake, na tamasha lake, lililopewa jina la utani Hillywood, limewahi kuzungusha skrini kutoka kilima hadi kilima. Siku moja atatokea mtu wa kumpeleka Ruganzu kwenye filamu, na ubishi utaanza: nyayo ziwe mwamba upi, Nsibura avae nini, farasi wasiokuwapo Rwanda ya wakati ule wanatafuta nini katika tangazo. Mwache abadilishe karibu yote. Avipunguze vita, abuni rafiki wa utotoni, amfanye Nyabunyana mkali kuliko anavyosimuliwa. Asimguse baba aliyekufa, wala ngoma, wala ile miaka ya Karagwe ya kula chakula cha watu.

Akitafuta idhini ya kufanya hivyo, itoke ndani ya hadithi yenyewe. Rwoga haikurudi. Ruganzu alipoitwaa nchi, ngoma iliyosimamishwa ilikuwa mpya, Karinga, na watu waliitii kwa sababu walijua imeshika nafasi ya ipi. Mama yake pia alikuwa ameuawa, akahitaji mama wa kifalme wa kuwekwa. Akawekwa Nyirarumaga, ambaye mapokeo yanasema ndiye aliyeanzisha namna ya shairi la ikulu, lile lililotakiwa kuhifadhiwa bila kupoteza neno. Mama wa kuazimwa akawa mwanzilishi wa uaminifu. Mwandishi anayebadilisha kila kitu na kutuacha tunajua wazi ni nafasi ya nini imeshikwa, amefanya kazi yake. Anayenakili kila kitu na kutuacha hatujui, ametupotezea jioni na umeme.